Aliyekaa Sikioni mwa Chiriku

Mmeniganda kama kupe na hadithi hii, na kila nikisema sitaki mnaniongezea chai. Haya. Lakini nasema mapema: shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo mambo ya mashine nitayaeleza nilivyoyaona, na mwenye kucheka acheke sasa amalize. Na asije mtu akanililia katikati. Yaliyotokea yametokea.

Ilianza na neno moja. Tulikuwa jikoni mchana, mimi na binti yangu, tunachambua mchele. Mjukuu wangu alikuwa sakafuni anapanga vifuniko vya chupa. Mtoto huyo tulimwita Chiriku kwa sababu tangu uchanga alipiga kelele zake mchana kutwa, kelele zisizo na maneno, maana alizaliwa na masikio mazito. La kushoto halina kitu kabisa. La kulia lina makombo tu, na wiki hizo baba yake alikuwa amelivalisha kifaa cha kusikia. Basi akainua kichwa, akaugeukia ukuta wa stoo, akasema, "Naam."

Binti yangu akaacha mchele. "Umesikia, mama? Ameitika!"

"Kamwitikia nani?"

"Si wewe umemwita?"

"Mimi nimefunga mdomo tangu ulipoanza kunisimulia habari za jirani yako."

Akacheka, akasema labda ni redio ya mtu. Nikauangalia ule ukuta. Nyuma yake kulikuwa na magunia matupu na baiskeli mbovu. Redio ingetoka wapi?

Sasa niwaambie habari ya mkwe wangu, kwa sababu sipendi kuficha jambo halafu nikalitoa mwishoni kama mtu wa mazingaombwe. Tulikuja kulijua baadaye, ila ninyi lijueni sasa.

Mkwe wangu kazi yake ni vifaa vya kusikia. Watu walimwita Fundi Masikio. Alikuwa hodari, hilo silipingi. Mzee anaingia kwake ameshikwa mkono kama mzigo, anatoka anagombana na wapita njia. Humwaga uji fulani sikioni, ukiganda anautoa, na kwa umbo hilo anachonga kizibo cha sikio la mtu huyo huyo, halafu anakiunga na kifaa chenyewe kinachokaa nyuma ya sikio. Kazi safi.

Kati ya wateja wake alikuwepo bibi mmoja mwenye jini. Hakuwa anaficha. Alimwambia, "Fundi, huyu wangu zamani alikaa kichwani, kichwa kikiniuma mpaka natapika. Tangu unipe kifaa hiki amehamia humo. Kichwa kimepoa. Siku nikifa tuzikwe pamoja, kiwe sikioni mwangu, asije akabaki anatafuta pa kukaa." Mkwe wangu akamwahidi, kama unavyomwahidi mtoto mwezi.

Kifaa kile kilikuwa cha kisasa kabisa, kina akili ya kompyuta ndani. Bibi akafa siku kifaa kiko mezani kwa fundi kinatengenezwa. Binti yake, mshona nguo, akaja anakimbia kukichukua kwa ajili ya mazishi. Na mkwe wangu, mtu mzima, msomi, mwenye cheti ukutani, akachukua ganda la kifaa kibovu cha aina ileile, akalipachika kizibo cha bibi, akalifunga kwenye leso, akampa mfiwa na pole juu. Bibi wa watu akazikwa na ganda.

Cha kweli alikifuta kwenye kompyuta, kumbukumbu zote, kikawa kama kipya. Akachonga kizibo kidogo cha Chiriku. Akamvalisha.

Mkiniuliza kwa nini, nitawaambia. Mtoto alikuwa hajawahi kumwita baba. Alikuwa anafungua midomo inatoka "bwa", kama povu linapasuka. Basi, jambo hilo lilimla. Na baada ya kuvaa kifaa kile mtoto alikaa siku chache tu, akasimama mlangoni, akasema "Baba", neno zima limenyooka. Mkwe wangu alikaa chini kwenye ngazi akalia na begi lake la kazi magotini.

"Mama, hiki kinajifunza," aliniambia jioni ile, macho bado mekundu. "Kinajua sauti gani mtu anaifuata, kinaileta mbele. Nyingine kinazirudisha nyuma."

"Na mtu asiyemtaka?"

"Anazimwa."

"Nitafutie kimoja basi, nikuzime wewe."

Tukacheka wote. Ndivyo tulivyokuwa, tunacheka, na mgeni yumo ndani.

Baada ya ile "naam" ya kwanza zikafuata nyingine. Mtoto anaitika kitandani, anaitika akiwa anaoga. Halafu maneno yake yakaanza kukomaa haraka mno. Mtoto wa jana tu aliyekuwa anasema "maji" na "nataka", anakaa kwenye mkeka anashika kiuno, anasema, "Siku zimekuwa baridi, hata mifupa haina pa kujificha." Nikamuuliza nani kakufundisha. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto mtundu.

Asubuhi moja binti yangu alikuwa anamfulia nguo, mtoto yuko mlangoni anazungumza kwa sauti ya chini, anatulia, anajibu, anatulia tena. Binti yangu akaja kwangu amekauka.

"Mama," akanong'ona. "Kifaa kiko kwenye chaja. Kiko droo ya chumbani. Hana kitu sikioni."

Tukaenda pamoja. Tukafungua droo. Kilikuwepo kweli, taa yake ndogo ya kijani inawaka, na ile droo ilinuka udongo, udongo mbichi uliochimbuliwa saa hiyo. Nikakigusa. Kilikuwa na joto, si joto la umeme, bali joto la unyevu, kama mdomo wa mtu unapokupumulia kiganjani. Nikafunga droo. Sikupiga kelele. Umri wangu kelele nimeshazimaliza kwenye ndoa.

Kilichomvunja binti yangu ni jambo jingine. Mtoto aliacha kumsikia. Anamwita mbele, anamwita nyuma, anapiga makofi, mtoto hageuki. Lakini ukuta ukinyamaza, anauitikia.

"Mume wangu, mwanangu ananipotea," alimwambia mezani. "Ananipita kama mlango ulio wazi."

"Ni marekebisho tu. Mlete kazini nimpime."

Tukaenda wote watatu. Pale kwake kuna chumba kisichopitisha sauti, mlango mnene kama wa bucha la nyama, na dirisha moja la kioo. Mtoto anakaa ndani, fundi nje na mashine yake. Watoto huwapima kwa shanga: ukisikia mlio, tia shanga kwenye kopo. Chiriku aliujua mchezo huo. Mkwe wangu akamvua kifaa akakiweka mezani nje, mbele yetu, akamvalisha spika za masikioni, akafunga mlango.

Akabonyeza. Mtoto akatia shanga. Akabonyeza sauti ndogo zaidi. Shanga. Akashusha mpaka mlio ambao hata mimi na masikio yangu ya umbea nisingeuokota, na mtoto akatia shanga. Mkwe wangu akatabasamu, akatugeukia atuonyeshe, na mkono wake ukiwa hauko kwenye mashine, mtoto akatia shanga nyingine.

Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Akazima mashine. Shanga. Akachomoa waya ukutani, na mtoto bado anatia, sasa haraka, kama mtu anayepokea maagizo asiyotaka yampite, shanga juu ya shanga mpaka kopo likajaa zikaanza kumwagika sakafuni na kurukaruka bila sisi kusikia hata moja, maana chumba kile hakitoi sauti, na ndipo mtoto akainua uso, akaja mpaka kwenye dirisha, akaweka paji la uso kwenye kioo, akafungua midomo, na sauti haikutoka kwake wala kwenye spika zilizokuwa zimezimwa, ilitoka mezani, kwenye kile kifaa kidogo kilicholala kwenye pamba, sauti ya mtu aliyechoka kungoja, isiyo ya mwanamume wala mwanamke, na harufu ya udongo ikajaa chumba kizima mpaka binti yangu akaziba pua kwa khanga.

"Fundi. Uliniahidi udongo."



"Udongo gani, mume wangu?" binti yangu akauliza, polepole sana.

Mkwe wangu akaanza na kompyuta. "Nilikifuta. Naapa nilifuta kila kitu, hakuna kumbukumbu hata..."

"Udongo gani?"

Ndipo akasema. Yote, ganda na leso na pole. Binti yangu hakumpiga. Mimi ningempiga. Alifungua ule mlango mzito, akambeba mtoto wake, akasema, "Nipeleke kwa huyo mshona nguo."

Mshona nguo alimsikiliza mkwe wangu mpaka mwisho huku mguu wake uko kwenye cherehani. Halafu akakata uzi kwa meno.

"Mama yangu kalala na bati sikioni," akasema. "Na wewe ulinishika mkono, ukaniambia nijikaze."

"Nisamehe, dada."

"Sitaki kukusamehe, usinisumbue. Nipe mtoto nimwone."

Alikuwa amekulia nyumba moja na jini yule. Hakuleta ubani, hakuleta ngoma. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Chiriku, kifaa amekiweka kati yao juu ya kitambaa cheupe, akasema kama unavyosalimia mpangaji wa zamani, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mtoto akajibu, na midomo yake haikutikisika.

"Mama yuko peke yake kule. Kwa nini humfuati?"

"Nimfuate wapi? Mmemfunika, mmeniacha mezani kwenye pamba. Nilimwita. Akaniitikia huyu."

"Nitakuzika kichwani pake leo hii. Muache mtoto."

Kitu kikacheka ndani ya kifaa, kicheko kidogo, kama chawa wanaopasuliwa. "Nimeonja sikio bichi. Mifupa nitaifanyia nini?"

Binti yangu akapiga magoti. Mshona nguo akamzuia kwa mkono. "Sema unachotaka," akamwambia yule. "Hukai bure, huondoki bure, nakujua."

"Huyu fundi alininyima udongo ili asikie sauti moja. Anipe hiyo hiyo. Nitaondoka nayo."

Mkwe wangu alikuwa wa mwisho kuelewa, na msomi ni yeye. Mshona nguo ikabidi amfafanulie. "Mtoto atapona, atasema, watu wote watamsikia. Ila wewe hutamsikia tena. Mvua utasikia, jogoo utasikia, mkweo atakutukana utasikia. Yeye, hapana. Useme mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi siwezi kukusemea."

Alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama mtoto.

"Niache nimsikie kwanza," akasema. "Aniite. Tafadhali."

Mimi ningemnyima hata hilo. Lakini yule jini akatulia, na uso wa mtoto ukarudi kuwa wa mtoto, akaangaza huku na huku kama aliyeamshwa, akamwona. "Baba," akasema.

"Chukua," mkwe wangu akasema. Nikaona kichwa chake kinatikisika kidogo, kama mtu aliyepulizwa sikioni. Harufu ya udongo ikakatika palepale.

Mshona nguo alikifunga kifaa kwenye kitambaa kile, akaenda kukizika mwenyewe, hakutaka tumsindikize. Mlangoni akageuka. "Mtoto asiambiwe. Akijua kuna aliyechukua sauti yake, atamwita airudishe. Na akimwita, atakuja."

Basi hatukumwambia. Hospitali ikampa kifaa cha kawaida, kisicho na akili yoyote, na kwa kifaa hicho alijifunza maneno polepole, kama mtoto wa watu. Siku hizi haachi kusema. Anasimulia, anabisha, anaimba vibaya. Nyumba nzima inamsikia, na wa jirani pia. Mkwe wangu alijipima mwenyewe kwenye chumba chake, masikio yake ni mazima kabisa. Kazi anaendelea nayo. Mchana kutwa anawapa watu wengine sauti za watoto wao.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha, Chiriku yuko nje ya geti, limefungwa kwa ndani. Mimi niko uani, nasikia anavyoita, "Baba! Baba, nifungulie!" Na baba yake amekaa sebuleni, hatua chache tu kutoka getini, ameinamisha kichwa, anasikiliza bati linavyopigwa. Mpaka nikakokota miguu yangu mimi nikafungua.

Akaingia anachuruzika, akamwendea moja kwa moja, akasimama mbele yake. Akamuuliza, midomo inatetemeka kwa baridi, "Baba, umenichoka?"

Mkwe wangu aliiangalia ile midomo. Akadhani anaombwa taulo. Akamshika shavu, akatabasamu.

"Ndiyo, mwanangu," akamwambia. "Ndiyo."