Maji ya Kuchemshia Tambi

Bakuli la rameni lilirudi jikoni limejaa. Tambi hazikuguswa, yai lilikaa pale pale lilipowekwa, na supu ilikuwa imepoa kabisa. Yusta aliipakua ikitokota muda si mrefu. Alichovya kidole, akakunja uso. Mbeya kuna baridi, ndiyo, lakini supu haipoi namna ile.

"Nani kakaa meza ya kona?" alimuuliza Matilda, mhudumu wake.

"Mama mmoja kajitanda baibui. Ana mtoto, kamfunika kanga gubigubi. Hajala kitu, kaniuliza tu kama siku hizi tuna mpishi mpya."

Mpishi mpya alikuwa Yusta mwenyewe, mwenye mgahawa. Siku chache nyuma alimfukuza Alawi, mtu mwenye asili ya Tanga, aliyekuwa akiviringisha sushi tangu mgahawa huo wa Kijapani ufunguliwe pale Ilomba. Kosa lake lilikuwa moja. Kila jioni, kabla ya kumwaga kwenye chemba ya maji machafu ya nyuma maji yaliyochemshiwa tambi, Alawi alisimama na sufuria lake, akanong'ona, akangoja kidogo, ndipo akamwaga. Yusta, Mlutheri wa Kilolo, alikuzwa kumwogopa mtu anayenong'ona peke yake. Alimvizia dirishani hadi akaamini kwamba anamloga ili wateja wamkimbie.

"Nasema Bismillahi, dada Yusta," Alawi alijitetea. "Nawapa nafasi walio chini wapishe. Maji ya moto hayamwagwi kimya kimya."

Maelezo hayo ndiyo yaliyommaliza. Yusta alitaka kujua walio chini ya chemba ni akina nani, kama si mashetani yake. Akamfungulia mlango. Tangu hapo akawa anamwaga mwenyewe, chwaa, bila neno, na moyo ukatulia. Ubaya wa kumshuku mtu ndio huo, ukishamfukuza unajiona mjanja.

Kesho yake yule mama alirudi, jua likiwa bado juu ya paa. Wanafunzi wa chuo walikuwa wakihangaika na vijiti, wali wa Kyela na vipande vya parachichi vikiwadondokea mapajani, huku wakichekana. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Vicheko vikakatika. Yusta akakagua majiko yote, hakuna kilichoungua. Aliporudi ukumbini wanafunzi walikuwa wameshaondoka, chakula wamekiacha nusu, na Eveline, binti yake wa pekee, amesimama kwenye meza ya kona akichungulia ndani ya kanga.

"Mama, huyu mtoto ana kidonda," alisema Eveline. "Mgongo wote."

Yule mama akampapasa shavu. Eveline akaanguka.

Yusta alimnyanyua, akakuta mwili unachoma kiasi cha kumfanya atake kumwachia, akamkumbatia hivyo hivyo, akaita Matilda, Matilda hakuitika, akaelekea mlangoni na mlango alioupita kila siku ukawa mbali, na harufu ile sasa ikawa inatoka kwenye nywele za mwanawe mwenyewe, na nyuma yake sauti ya upole ikauliza, "Maji unamwaga wewe?"

"Ni mimi," Yusta alinong'ona.

"Mwanangu alikuwa amelala."

Yusta alipiga magoti na mtoto mikononi. Hofu ilimfungua mdomo kuliko alivyotaka. "Nisamehe, mama, sikujua. Niachie mwanangu. Huyo wako nitamtibu, nitamlea kama niliyemzaa mimi. Chochote utakacho."

"Nimekubali," alisema yule mama.

Yusta alipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Michirizi ya maji ilitoka mezani, ikapita jikoni hadi kwenye chemba. Mikononi mwake homa ilikuwa imeisha, mtoto amelala na jasho jembamba usoni. Yusta alilia kwa furaha, kisha akampigia Alawi simu na kumsimulia yote.

"Uliomba radhi?" aliuliza Alawi.

"Niliomba. Nisamehe na wewe, kaka Alawi."

"Yaishe. Wale wakiombwa husamehe, hawana makuu. Ila hukumwahidi kitu?"

Yusta alimtazama mtoto aliyelala.

"Dada. Umemwahidi nini?"

Alikata simu. Alijiambia kwamba mtoto wake yuko hapa, anamwona, anapumua, na Alawi ana kinyongo cha kufukuzwa.

Asubuhi alimpeleka mtoto kuoga katika bafu la nyuma ya mgahawa, walikoishi. Alichanganya maji ya moto ya kutosha kuvunja baridi, akamvua gauni. Mgongo wote ulikuwa na kovu la kuungua, limekwisha kufunga.

"Sitaki ya moto," mtoto alisema, akajibana ukutani.

"Eveline, mwanangu, geuka nikuone."

Mtoto hakugeuka. Kopo likamponyoka Yusta, maji yakamwagika sakafuni na kuingia kwenye tundu la bomba linaloelekea chemba.

Kutoka chini, ndani kabisa ya bomba, ikaja sauti ambayo Yusta angeitambua popote, sauti ya binti yake.

"Mama, yanaunguza."