Wawili Wanarusha, Mmoja Anakula

Kila asubuhi Estelle alianza siku kwa kutazama mabati. Yalilazwa nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Shituru, mjini Likasi, yamefunikwa magunia, yakingoja kupanda juu. Yeye na mume wake, Ambroise, waliyanunua moja moja. Estelle aliuza karanga za kukaanga sokoni. Ambroise alichomelea milango ya chuma. Paa la zamani lilikuwa limeoza, na mvua zilikuwa njiani.

Asubuhi hiyo magunia yalikuwa yamebonyea.

"Ambroise! Mabati iko wapi?"

Ambroise alikuwa anapiga mswaki. Hakuharakisha.

"Nimeuzisha tatu. Usilie, mama Plamedie. Itarudi yote, na ingine juu."

"Itarudi na miguu?"

"Itarudi na vishale."

Estelle alielewa, na moyo ukamwaka. Ambroise ni bingwa wa kurusha vishale kwenye ubao, pale baa iliyokuwa klabu ya kampuni ya migodi. Baba yake alirusha hapo hapo. Sasa watu wa pari, ile kamari ya kubashiri washindi, wamemwingia kwa simu. Anaweka pesa juu ya warushaji wa Ulaya, ambao hawajui hata kama Likasi ipo.

"Minye najua mukono," Ambroise alisema. "Nikiona muntu anavyosimama, najua atashinda."

Walimkamata kwa sifa yake mwenyewe! Mtego huo si mgeni. Babu zetu walipokea mshahara kwa kampuni, wakauacha kwenye kantini ya kampuni hiyo hiyo. Mkono mmoja ulilipa, mwingine ulinyang'anya. Leo kantini imeingia mfukoni, na inalia kengele.

Estelle hakugombana. Alikwenda kwa jirani yake, Carine, aliyewahi kupokea pesa dirishani kwenye duka la pari.

"Yaya Carine, uliacha kazi ile juu ya nini?" alimwuliza, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Mama mumoja aliniletea pesa ya dawa ya mutoto. Nikaipokea. Kesho yake sikurudi."

Jumapili, baada ya misa, Carine alikuja na bakuli tupu. Alimwita pia Fidèle, rafiki wa Ambroise. Ubao ulitundikwa ukutani. Estelle alitoa karanga, akawagawia wanaume wawili sawasawa.

"Munalingana?" Carine aliuliza.

"Siku moja minye, siku ingine yeye," Ambroise alijibu.

"Bien. Minye ni duka. Kila mumoja aniwekee karanga kumi juu ya jina yake. Mwenye kushinda, nitamulipa kumi na nane."

Wakarusha. Ambroise akashinda, akacheka.

"Fidèle, unarusha sawa mwenye anafukuza nzi!"

Mara ya pili Fidèle akashinda. "Nzi amekuuma, bwana mukubwa?"

Wakaendelea, mara huyu, mara yule. Carine alikaa kwenye kiti, akitafuna. Mwishowe Ambroise aliingiza mkono kwenye sahani yake mwenyewe, akagusa chuma kitupu.

"We Carine! Minye nimerusha, Fidèle amerusha, na weye umekula?"

"Na sikusimama hata mara moja," Carine alisema. "Kumi yako na kumi ya Fidèle ni ngapi?"

"Ishirini."

"Nililipa kumi na nane. Zile mbili njo mushahara wa mwenye dirisha, taa ya duka, na gari ya patron mwenye duka. Ile namba ya malipo unaona mu telefoni pembeni ya jina la murushaji, duka limekwisha kukata fungu lake ndani."

"Mais minye nachagua mwenye nguvu!"

"Mwenye nguvu, banamushushia namba, akishinda unapata kidogo. Batu ba pari beko na mashini, banahesabu kila kishale yake. Weye unamuangalia mu telefoni ya kioo kimepasuka."

Fidèle alicheka mpaka akakohoa. Estelle hakucheka, aliuliza:

"Na wale benye kushinda?"

"Beko. Picha yao iko mulangoni. Picha ya benye kupoteza, ukuta hautoshi."

Ambroise aliinamisha kichwa. "Basi kucheza ni kosa?"

"Mukubwa akitaka kucheza, acheze sawa anavyonunua bia. Pesa ya starehe yake, amepanga mbele, ikiisha anaamuka. Hakopi. Hagusi pesa ya nyumba. Hafukuzi yenye imepotea. Na mwenye hawezi kuamuka, aombe akaunti ifungwe."

Ambroise alishika simu, akawaandikia watu wa pari: nifungieni. Jibu likaja haraka. Lilimwambia asiondoke, amepewa pari ya bure.

Alilisoma kwa sauti.

"Minye naomba mulango, banaongeza kiti!"

"Ile ya bure njo chambo," Carine alisema. "Andika tena, usichoke. Na leo leo, futa ile programu."

Akaifuta mbele yao. Laini ya simu yenye pesa akampa Estelle. Aliandika tena na tena, mpaka wakamfungia.

Mvua ya kwanza iliwakuta mabati hayajatosha. Watoto walilala wamebanana, beseni likidondokewa pembeni. Ambroise alisikiliza tone baada ya tone, na hakuna aliyehitaji kumsema. Alichomelea milango mpaka macho yakawa mekundu, akanunua tena mabati moja moja. Bati la mwisho alilipigilia mwenyewe, Estelle akimshikia ngazi.

Vishale hakuviacha. Anarusha bado na Fidèle pale baa. Lakini siku hizi anayeshindwa ananunua karanga za Estelle, wanamwaga mezani, na wote wawili wanakula.