Picha Ishirini na Nne za Mama Mdogo

"Nikishaufunga huu ukurasa, yeye huenda wapi?"

Mama aliuliza hivyo siku aliyokabidhiwa tableti. Binti yake alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anawahi mdahalo chuoni. Huko walimwita Hoja, maana kwake kushindwa kulikuwa mwiko. Siku ile hakuwa na nafasi ya swali la mama yake.

Ukurasa wenyewe aliutengeneza kwa hasira. Mama Mdogo alipofariki, ndugu walijaa nyumba nzima, wakalia, wakaahidi. Siku ya nne hakubaki hata mmoja. Mama, fundi cherehani, akabaki chumbani mwake mwa kushonea, anatazamana na kiti ambacho mdogo wake alikikalia miaka kumi na tisa akishona vifungo.

"Ndugu gani hawa!" Hoja alifoka. Kisha akachora.

Picha ishirini na nne. Mama Mdogo ameinamia sindano, anainua kichwa, anainama tena. Ukimgusa kwenye kioo, anatabasamu. Maelekezo aliyoiandikia kompyuta yalikuwa mafupi: chora picha, ifute, omba zamu ya inayofuata. Shingo ianze polepole, iharakishe katikati, itulie mwishoni, ionekane ina uzito. Amri ya kukoma hakuiandika. Ya nini? Alitaka Mama Mdogo asiondoke tena.

Ilikuwa kazi nzuri. Nzuri kiasi kwamba Hoja hakuona tena sababu ya kurudi nyumbani kila Jumamosi.

Jioni moja, baada ya miezi mitatu, alipita dukani akanunua mkate na sabuni, akaenda. Giza lilikuwa linaingia. Chumbani taa haijawashwa. Mwanga wa tableti tu, iliyoegemezwa kwenye cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mheshimiwa. Leo bunge limevunjwa?"

"Mama naye! Mbona unakaa gizani?"

"Shhh. Yuko kazini."

"Mama, ile ni picha."

"Picha?" Mama akanong'ona. "Jana nimezima ameinama. Nawasha, kichwa juu."

Hoja akacheka. Hilo alilijua. Kioo kikizimwa, mchoro husimama. Lakini yeye aliupima kwa saa, na saa haisimami. Ukiwasha, mchoro unaruka kufidia muda uliopotea. Kosa la wanaoanza.

"Nalirekebisha sasa hivi, mama yangu."

"Na kusimama je?"

"Kusimama kupi?"

"Juzi alisimama kutoka kitini, mwanangu. Akasema nikae mimi, yeye amechoka."

Hoja akaacha kucheka. Hakuchora kusimama.

Akaivuta tableti. Kwenye mchoro kiti kilikuwepo. Kitupu.

Akatoa kompyuta yake mkobani, akafungua picha zenyewe alizozichora mwanzo. Ya kwanza... kiti kitupu. Ya pili... kiti kitupu. Akazipitia moja moja hadi ya ishirini na nne. Tarehe zilikuwa zilezile za miezi mitatu iliyopita. Hakuna aliyezigusa.

Ndipo harufu ikaja. Mafuta ya mkaratusi, yale aliyojipaka Mama Mdogo magotini.

"Mama... nani kaingia humu?"

Nyuma yake kiti kikatoa mlio. Kwiiik.

Alipogeuka, Mama alikuwa amehama. Alikuwa kwenye kiti cha Mama Mdogo, ameinamia sindano.

"Mama?"

Kichwa kikainuka. Polepole. Haraka. Polepole.

Kikainama.

Kikainuka tena.

Hoja akafunga ukurasa. Kichwa kikainuka. Akazima tableti, akazima kompyuta. Kikainama, kikainuka. Akamgusa bega.

Mama akatabasamu.

Ukumbini nyayo zikapita, taratibu, za mtu aliyekaa mno akafa ganzi. Mlango wa nje ukafunguka, ukarudishwa kwa adabu. Harufu ya mkaratusi ikapungua... ikaisha.

Hoja hakutoka kutazama ni nani. Mpaka leo hajui, na waganga wawili walioulizwa kila mmoja alisema lake. Alichofanya jioni ile ni kupiga magoti kwenye mabaki ya nyuzi na kushika mikono ya mama yake. Ilikuwa ya moto bado. Macho yalikuwa wazi, yamekauka. Kupepesa macho ni kitu ambacho hakukichora.

"Mama," akanong'ona, "kesho siendi chuoni. Nimekuja kukaa na wewe. Sikia, mama... naomba upepese macho. Mara moja tu."