Matuta Mawili ya Mwisho

Kila siku akitoka shule, Cheche alivua sare, akaitupa kitandani, akatia mdomoni chochote alichokikuta jikoni, kisha akatoka mbio kwenda shambani nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu hakujua kutulia. Hata akiwa anakula, miguu yake ilicheza chini ya meza.

Shamba lao lilikuwa la artemisia, mmea wenye majani membamba na harufu kali, ambao kiwanda huununua ili kutengeneza dawa ya malaria. Mama yake alikuwa amekwisha kuvuna karibu shamba zima. Yalibaki matuta mawili ya mwisho, yaliyopandwa kwa kuchelewa.

Ndipo ikaja habari kwamba bibi anaumwa. Mama alifunga mkoba wake upesi, akamwita Cheche.

"Simama hapo na unisikilize. Ukiona vitumba vya maua vinatokeza, kata siku hiyo hiyo. Usingoje vichanue. Nimesema nini?"

"Vitumba vikitokeza, nikate."

"Siku gani?"

"Siku hiyo hiyo. Jamani mama, si nimesikia!"

"Kusikia unasikia," mama alisema, akatoka.

Baada ya siku chache vitumba vilitokeza, vidogo na vya kijani. Cheche aliviona. Alichukua mundu, akainama, na hapo hapo nahodha wa timu yao ya netiboli akaita kutoka kwenye ua.

"Cheche! Unakuja, au tumtafute mwingine?"

"Nina kazi!"

"Kwani majani yako yana miguu? Yatakimbia?"

Wenzake wakaangua kicheko. Cheche alicheka pia, akaweka mundu chini. Kesho nitakata, alijiambia. Kesho yake kulikuwa na mazoezi tena. Baba yake, fundi baiskeli ambaye hakujua mmea huo isipokuwa kwa harufu, hakuuliza kitu. Siku mechi ilipokwisha, Cheche alirudi shambani akakuta matuta yote mawili yamepiga rangi ya njano kwa maua.

Alikata kwa pupa, akayaanika majani bandani, kivulini, kama alivyofundishwa. Yalipokauka akayapukutisha, akayapepeta mpaka maua yote yakatoka. Alipoyafunga ndani ya gunia, yalifanana kabisa na majani ya mama. Hata yeye asingeweza kuyatofautisha.

"Uliyakata vitumba vilipotokeza?" mama aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, mama."

Neno lilitoka kwa urahisi. Shida ilianza baadaye. Darasani Cheche aligeuka huku na huku mpaka mwalimu akamuuliza kama kiti chake kina miiba. Nyumbani alifagia uwanja, akaufagia tena.

"Leo tunatembelewa na nani?" baba aliuliza.

"Hakuna."

"Basi uache huo udongo, utaumaliza."

Kila alipopita karibu na lile gunia alitazama pembeni. Alijua utaratibu wa kikundi chao cha wakulima: majani ya familia zote humwagwa juu ya turubai moja, huchanganywa kwa koleo, kisha mpimaji wa kiwanda huchukua kiasi kidogo na kupima kiini cha dawa. Kikitosha, lundo lote linachukuliwa. Kisipotosha, lundo lote linakataliwa, majani ya mzembe na ya mchapakazi.

Siku ya kupima, ghala lilijaa watu. Mzee Kofia, jirani yao asiyevua kofia hata akinawa uso, alimwaga gunia lake huku akishika kiuno.

"Mwageni taratibu! Nimeinama msimu mzima mpaka mgongo umesahau kunyooka."

"Wewe ulikuwa hivyo hivyo tangu ujana," mtu akamjibu, na watu wakacheka.

Cheche hakucheka. Alisimama mlangoni, akaingia, akatoka tena. Mama alimwaga gunia lake la kwanza. Akalivuta la pili, akafungua kamba. Cheche akaruka, akaushika mdomo wa gunia kwa mikono yote miwili.

"Mama, usilimwage!"

"Una nini wewe? Niachie."

"Nilichelewa kukata. Yalichanua. Nilienda kucheza, halafu... nilikudanganya."

Mama aliifunga ile kamba kwa nguvu.

"Gunia hili halimwagwi," aliwaambia watu. "Ni letu, na kosa ni letu."

"Yakikauka si yote sawa?" Mzee Kofia aliuliza. "Mbona ni ya kijani?"

Mpimaji, dada mmoja mwenye koti jeupe, alichota kidogo kutoka kwenye lundo na kidogo kutoka kwenye gunia la Cheche, akaingia chumba cha kupimia. Cheche alizunguka nje ya mlango mpaka akaambiwa anatimua vumbi.

"Lundo limepita, ila kwa nafasi ndogo sana," mpimaji alisema alipotoka. "Ya kwenye gunia yako chini kabisa. Kabla ya kuchanua, mmea huweka kiini kingi kwenye majani. Ukishachanua, kinapungua. Macho hayawezi kuona hilo. Mngechanganya, leo mngerudi nyumbani na kila kitu."

Mzee Kofia alikaa juu ya gunia tupu. "Kumbe mgongo wangu ulikuwa mikononi mwa huyu mtoto!"

"Nisamehe, babu," Cheche alisema.

"Nimekusamehe. Ila usinikaribie kwa saa moja hivi."

Mama alimpeleka Cheche nyuma ya ghala, kwenye shimo la mboji, akamwambia alimwage gunia lile mwenyewe. Majani yalianguka kimya. Yalikuwa mengi.

"Ulipochelewa kukata, ulitupotezea gunia moja," mama alisema. "Hilo ni kosa, na tutalibeba. Lakini uongo wako ungewapotezea watu wote jasho lao, na wala hawajakukosea. Mtu aliyekosa aseme mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Nimesema nini?"

"Niseme mapema."

"Haya. Nenda kawashikie watu midomo ya magunia, lori linasubiri."

Cheche alishika gunia baada ya gunia huku wakubwa wakijaza. Kutoka uwanjani zilisikika kelele za wenzake wakicheza. Mzee Kofia alipofika na koleo lake, alimtazama miguuni, akatikisa kichwa.

"Leo miguu imetulia," alisema, akaanza kujaza.