Kosa la Seli Moja

Mutunga wa Isinya anajua kuku. Jogoo akizaa vifaranga wenye vidole vilivyopinda, Mutunga hasiti. Anamtoa jogoo, anawatoa na vifaranga wake wote. "Mbegu mbaya haikai kwangu," husema, na wateja wa Kitengela humwamini. Kwa kuku yuko sawa kabisa. Taabu ilianza alipojipima yeye mwenyewe kwa kipimo hicho.

Mwezi wa pili alianza kuchoka na kukonda. Hospitalini walimpima, wakampata na saratani ya damu. Daktari alimwandikia tembe ya kila siku. Tembe ilifanya kazi vizuri. Kufikia mwezi wa tano alikuwa akibeba magunia ya chakula cha kuku tena.

Siku moja akawapigia simu wazazi wa Muturi, mchumba wa binti yake Kamene.

"Msilete mbuzi wa ntheo," aliwaambia. "Ngojeni kwanza."

Kwa Wakamba, mbuzi hao wasipoletwa, msichana hajaolewa. Kamene alilia siku nzima. Mama yake, Kavutha, alimkabili mumewe.

"Baba Kamene, unamkatalia mtoto kwa nini?"

"Damu yangu imeharibika. Ripoti inasema kromosomu mbili zimebadilishana vipande. Kamene ametoka kwangu. Niwapatie watu mbegu mbaya nikijua?"

Kavutha hakubishana. Jumamosi, jirani yao Nalangu, mhudumu wa maabara, alipokuja kununua mayai, Kavutha alimpa ile ripoti na kumweleza maneno ya mumewe. Nalangu aliisoma yote, kisha akamgeukia Mutunga.

"Mzee, hapa umejihukumu bure."

"Kwani kromosomu ni nini hasa?"

"Ni kama nyuzi ndogo sana ndani ya seli. Zimebeba maagizo ya mwili. Nyuzi hizo hukatika mara kwa mara, na seli huziunga tena. Lakini kuna siku inaunga vibaya." Nalangu alionyesha taa ya kuwapa vifaranga joto. "Hiyo taa iko na swichi. Tuseme waya yake imekatika, na hapo karibu kuna waya ingine ya stima isiyozimwa, nayo imekatika. Fundi akiunga ncha zisizofaa, taa itakuwaje?"

"Itawaka tu, hata nikizima."

"Ndiyo hivyo. Kwa ugonjwa wako, kipande cha kromosomu ya tisa kimeungana na kromosomu ya ishirini na mbili. Agizo la kuongezeka halizimiki. Seli hiyo inajigawa, na zote zinazotoka kwake ziko na kosa hilo hilo. Tembe yako ndiyo inazima. Usiache kumeza kwa sababu unajisikia vizuri."

"Nani alizikata? Ni kitu nilikula?"

"Hapana. Mionzi mikali sana inaweza kuzikata, lakini mara nyingi hatujui sababu. Si laana, na huwezi kumwambukiza mtu."

Mutunga aliuliza polepole, "Na Kamene?"

"Kosa lilitokea kwa seli moja tu ndani ya mfupa, mahali damu inatengenezwa, na Kamene alikuwa ashazaliwa. Jogoo unayemtoa huwa amezaliwa na kasoro. Wewe hukuzaliwa na hii. Hukuirithi, na humrithishi mtu."

"Kwa hivyo nimemliza mtoto wangu bure."

"Bure kabisa," Kavutha alijibu, na hakutabasamu.

Mutunga alichukua simu hapo hapo. "Leteni mbuzi," alisema. Kisha akaenda kumwomba Kamene msamaha.

Mwezi wa nane mbuzi walifika, watatu wanene. Wiki hiyo majibu ya maabara yalikuwa yameonyesha kwamba seli mbovu zimepungua sana, na nyumba yote ilikuwa na furaha. Watu walipokwisha kula, Mutunga alisimama.

"Wakwe zangu, niliwaficha jambo. Niko na saratani ya damu. Lakini haiwezi kwenda kwa Kamene. Nataka niwaeleze vile nyuzi zilikatika..."

Gathoni, mama yake Muturi, aliinua mkono.

"Mzee, keti. Kamene alituambia tangu mwezi wa tatu."

"Mlijua kwamba si ya kurithi?"

"Hatukujua," alisema Gathoni. "Lakini mbuzi tulinunua hivyo hivyo."

Mutunga aliketi. Alilia mbele ya wakwe zake wote, na hakuona haya.