Naenda, Narudi

Upweke wa Ijumaa ya Doha usikie kwa jirani! Ndio uliomtoa Latifa, binti wa Tanga, mfua shuka wa hoteli moja ya West Bay, akajipanga foleni ya sinema ya Kitamili, lugha asiyojua hata neno lake moja. Alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya embe.

"Dada, hii lugha utatoka kichwa chauma," sauti ya Kimombasa ikasema nyuma yake.

"Na wewe je?"

"Mimi mlinzi. Wenzangu lindoni Watamili watupu. Kaa karibu nikutafsirie."

Huyo ndiye Kassim, shati limenyooka kwa pasi. Filamu ilikuwa kongwe, imetolewa kwenye riwaya, vichekesho vitupu: bwana harusi anaaga aende kazini, na kila akifika mlangoni wakwe wanamrudisha.

"Anaagaje?" Latifa akauliza.

"Naenda, narudi. Watamili hawaagi kwa 'naenda' peke yake. Ni uchuro, hutarudi."

Latifa alicheka mpaka wanja ukamtiririka. Wakapeana namba, na tangu siku hiyo hawakukata simu bila maneno hayo.

"Naenda, narudi, kipenzi."

"Nenda, urudi, roho yangu."

Mkataba wa Kassim ukaisha, akaenda Mombasa kungojea viza mpya. Jioni moja akapiga, sauti imechoka. "Haya Latifa, mi naenda..."

Simu ikakatika. Latifa akangoja. Wapi! Kumbe kaniaga, akawaza, tena kwa adabu zote. Kwa hasira akachomoa laini, akanunua nyingine.

Miezi miwili alikunja shuka za watu wawili wawili, akala peke yake. Rukia, shoga yake wa chumbani, alimsemesha hadi akachoka. Latifa alikuwa mpweke, tena upweke wa kuona haya kuutaja.

Filamu ile ikarudishwa. Akaenda, akaweka mkoba kiti cha pembeni. Bwana harusi akaanza, "Naenda...", mama mkwe akamshindilia kitamutamu cha ladu mdomoni. Ukumbi mzima ukammalizia kwa Kitamili: narudi!

Latifa hakucheka. Na kama Kassim naye alikatizwa? Akatoka mbio, akarudisha laini ya zamani, akapiga.

"Ulizima simu, Latifa."

"Ulisema naenda!"

"Salio liliisha kabla ya narudi! Nimekupigia mpaka kidole kikaota sugu."

Wakacheka, wakalia.

"Basi rudi, mpenzi."

"Viza wamenikatalia. Doha sirudi tena."

Latifa akahesabu miezi kwa vidole. "Mkataba wangu unaisha Machi."

"Usinipe matumaini ya bure, we mwanamke."

"Mimi Mtanga, sitanii na mapenzi."

Machi ikafika. Uwanja wa ndege Rukia alimbebea begi, macho mekundu, maana chumba kile sasa kilikuwa chake peke yake.

"Haya shoga, niage kama mnavyoagana nyie."

Latifa akamkumbatia, asimwachie upesi.

"Naenda," akasema.

Rukia akangoja neno la pili. Latifa alikuwa ameshaingia ndani.