Udongo wa Kalengera Ndani ya Valizi ya Mama

"Hakuna mutu anagusa hii valizi! Mikono juu ya meza!"

Askari alikuwa ameshika bunduki. Mama yangu alikuwa ameshika rozari.

Juu ya meza ya ukaguzi, kati ya vitenge na zawadi za wajukuu, vilikaa vifurushi viwili vya kitambaa, vimefungwa fundo. Kimoja kilikuwa kimefunguliwa. Ndani yake kulikuwa na kitu cheusi, kizito, kinang'aa kidogo...

"Minerai," askari akasema.

Mungu wangu! 

Ninyi wa Goma mnajua neno hilo linafanya nini pale uwanja wa ndege. Ninyi wa mbali, niwaambie tu: ukikutwa na mawe ya madini bila karatasi, safari yako inaishia kasho, nyuma ya vyuma.

"Mama, hii iko ya nani?" akauliza Zéphirin, agent wa kukagua mizigo. Yeye aliongea kwa upole.

"Iko yangu."

"Iko nini?"

Mama akasogeza punje moja ya rozari.

Jamani! Mama yangu Nyiramahirwe, mjane mwenye miguu ya kuvimba, na minerai, wapi na wapi?

Nikajua papo hapo nani katufanyia. Yaya! Kaka yangu mkubwa, Ntirenganya. Yeye ndiye anayenunua na kuuza minerai upande wa Masisi. Na asubuhi ile ndiye aliyembebea mama valizi, hakutaka hata niiguse.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Ilikuwa Desemba 2024, Noeli inakaribia. Mdogo wetu Marie-Claire, aliyeolewa Kinshasa, alitutumia tiketi mbili. Vakanse, likizo kabisa! Mimi Uwitonze, fundi cherehani wa Ndosho, sijawahi kupanda ndege maishani.

Lakini kilichonishangaza ni mama. Tangu volkano ya 2002, mama hajawahi kulala nje ya Goma. Vita vya 2012, tulikimbia, yeye akabaki. Mlima ulipotapika tena 2021, tulikimbilia Sake na magodoro kichwani, yeye akabaki na kuku wake. Ukimuuliza, anasema, "Niko na mutu hapa."

Mutu huyo ni Munezero, kaka yangu. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni siku ile ya volkano. Munezero alikuwa na malaria, amelala nyumbani, kule mwisho wa uwanja wa ndege. Mama alikimbia sokoni kumtafutia dawa. Aliporudi, njia haikuwepo tena. Moto ulikuwa umeshapita, na watu walimshika mikono asijitupe.

Hakukupatikana hata mfupa.

Kwetu, mtu akizikwa, kila wa nyumbani anachota udongo na kumtupia. Hapo ndipo unamuaga. Sasa Munezero utamtupia wapi? Lava ilikuwa jiwe tupu. Halafu ukuta ukajengwa, pahali petu pakabaki ndani ya uwanja, pamoja na mtoto wetu. Matanga yake hayakuisha.

Sasa mama huyohuyo nilipomwambia habari ya tiketi, alisema, "Tutaenda." Hivyo tu! Nikafikiri uzee umemlegeza. Nikafurahi kama mjinga.

Kule ndani, kabla ya kuitiwa mizigo, tulingoja muda mrefu. Kila mtu alibeba fromaji, jibini ya Masisi, ya kupelekea ndugu, ukumbi mzima ulinuka maziwa. Kijana mmoja alikuwa ameshavua koti, eti anajizoeza joto la Kinshasa. Nikacheka mpaka machozi.

Mara kwa mara mlio wa bomu ulitoka upande wa Sake... Buuum. Watu wananyamaza wote. Halafu mmoja anauliza bei ya samaki Kinshasa, na maongezi yanaendelea.

Mama peke yake hakucheka. Macho yake yalikuwa dirishani, upande ule mweusi wa mwisho wa uwanja.

"Mama, ndege inatokea upande huu mwingine," nikamtania.

"Najua ninachoangalia."

Sikuuliza. Laiti ningeuliza!

Basi, turudi mezani. Nikatoa simu, nikampigia yaya mbele ya watu wote.

"Umemtumia mama kupitisha minerai yako?! Mama aliyekuzaa?!"

"Uwitonze, sikiliza kwanza..."

"Mwizi wewe! Unataka afie kasho?"

 Nikasikia anavuta pumzi.

"Mama amekuambia ni minerai?"

"Macho yangu yameniambia! Kuanzia leo sina kaka!"

Nikakata.

Paa! Kofi la mama lilinipata shavuni. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto!

"Utukane miye," akasema. "Usitukane ndugu yako. Hii ni udongo."

"Udongo ya nini?" Zéphirin akauliza.

"Ya Kalengera, kijiji yetu. Kwenye kaburi ya bwana yangu. Shangazi yao Généreuse aliichota, akaipitisha kwenye barière zote za njiani ndani ya mufuko ya maharage. Iko ya mutoto yangu. Amelala pale."

Akanyoosha kidole dirishani.

"Mara ngapi nimekuja kwenye mlango yenu, papa? Mulinifukuza kila mara. Ukiwa mama ya mutoto, wanakufukuza. Ukiwa na tiketi, wanakuacha upite."



Zéphirin alichota kidogo, akausugua kwenye kiganja. Akatoa kizizi chembamba cha mharage, akamwonyesha askari: udongo wa shamba tu. Askari akashusha bunduki, akaangalia chini.

"Na hii ya pili, mama?"

"Hiyo si ya leo."

Zéphirin hakuifungua.

Walipotuita kupanda, alitembea pamoja nasi. Wenzetu walikwenda kwenye ngazi ya ndege, mama akakata kushoto mpaka mwisho wa lami, penye majani. Askari mwingine akapiga kelele, Zéphirin akamwinulia mkono.

Mama akavua viatu. Akapiga magoti.

"Munezero, mama amefika. Nilikawia, mutoto yangu. Lala sasa."

Akatupa udongo. Upepo ukaupeleka upande wa yale mawe meusi.

Akanipa na mimi. Niliutupa nikilia kwa sauti, shavu bado linauma. Kisha akachota tena.

"Hii ya Ntirenganya. Yeye hana tiketi."

Ndani ya ndege mama alilala kabla hatujapaa.

Nilitaka kumpigia yaya. Kweli nilitaka! Lakini haya ilinishika. Nikasema, nitarudi baada ya Bonane, mwaka mpya ukianza, nitampigia magoti uso kwa uso.

Mwisho wa Januari, vita viliingia Goma. Uwanja ukafungwa. Vakanse yetu ikageuka kuwa ukimbizi, tukabanana kwa Marie-Claire.

Mwezi wa saba, mama alituacha. Alilala mchana, hakuamka.

Marie-Claire alipofungua valizi kutafuta nguo ya kumvika, aliniita.

"Uwitonze... hii ni nini?"

Kile kifurushi cha pili. Fundo lake halijaguswa.

Hiyo si ya leo.

Nikampigia yaya. Mara ya kwanza tangu siku ile! Alipokea haraka.

"Yaya, kifurushi cha pili..."

"Ni chake mwenyewe," akasema. "Daktari alimwambia tangu mwezi wa tisa kwamba moyo wake umechoka. Alijua akitoka hatarudi. Hakutaka uharibu vakanse yako kwa kulia. Ndiyo sababu nilibeba ile valizi mimi."

Nilikaa chini sakafuni. Kumbe kaka yangu alibeba kaburi la mama kwa mkono wake mpaka mlangoni, na mimi nikamwita mwizi mbele ya watu.

"Yaya, nisamehe."

"Mama alikupiga?"

"Alinipiga."

"Basi, imeisha."

Ndugu zangu mnaosoma: mzee wako akikubali safari ghafla, muulize anabeba nini. Na ndugu yako akisema "sikiliza kwanza", sikiliza. Mimi ndege zilinifungia njia ya kwenda kumwangukia miguuni, mpaka leo.

Tulimzika mama kwenye mchanga wa Kinshasa, mchanga usiotujua. Marie-Claire akatupa udongo wa Kalengera. Mimi nikatupa. Simu ilikuwa wazi mkononi mwangu, na kutoka Goma nilisikia mwanaume mzima analia.

Nikachota tena.

"Hii ya Ntirenganya," nikasema kwa sauti, asikie. "Yeye hana tiketi."